Beki Wetu Jovini Anataka Kurudi Shively

Jovini ametundika daruga, tena daruga za chuma! Miaka kumi ya mpira wa magongo kwenye barafu, mechi mia tano sabini na moja, na ya mwisho ameicheza Buffalo Jumamosi tarehe 18 Aprili 2026. Bwana asifiwe, wapendwa. Sasa ndiyo nawasalimu.

Mimi ni Florida, mama yake Jovini Kwizera. Mzee wa kanisa Aloisi, mwenye jarida hili, alitaka wasifu uandikwe na mtu aliyesoma. Nikamuuliza, "Mzee, huyo msomi ndiye aliyemzaa?" Akacheka, akanipa karatasi. Nimeishia darasa la tano, mnisamehe.

Nawaambia mapema jambo linaloninyima raha. Timu yake ya zamani ya Columbus wamempa Jovini kazi ya kufundisha vijana wao, wanangoja jibu. Yeye anataka kufundisha watoto wetu hapa Shively, pembeni mwa Louisville. Wenye uwanja wa barafu wamekubali kutupa saa moja kila Jumamosi, lakini lazima watoto ishirini wafike wenyewe siku ya kuandikishwa. Mpaka leo wameahidi kumi na wanne. Wasipopatikana sita, mwanangu anakwenda tena. Someni mkijua hivyo.

Alifika Marekani, hapa Louisville, ana miaka tisa, kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kigoma, na barafu hakuwahi kuiona hata kwenye glasi. Siku moja shule ikawapeleka uwanjani kuteleza. Wenzake walishika ukuta. Yeye alianguka, akainuka, akaanguka tena, halafu akakataa kupanda basi la kurudi. Mwalimu aliponipigia simu nilidhani amevunja kitu cha watu.

Akiwa na miaka kumi na tisa akasaini na timu ya hapa hapa, nafasi yake beki. Nikasimama kanisani na kitenge kipya nikatangaza kwamba mwanangu ameajiriwa kuwa mlinzi. Hapo niliharibu. Mwaka mzima waumini walidhani anakaa getini. Dative wa kwaya aliniuliza kama wamempa tochi. Mzee Aloisi, ambaye kazi yake ni ghala la vifurushi, akanivuta pembeni.

"Mama Jovini, mlete kwetu. Walinzi wetu wanakaa ndani, kuna hita."

"Wa kwangu yuko kwenye barafu, mzee."

"Kwani barafu nani anaiba?"

Baada ya misimu miwili Columbus wakamchukua, akakaa kitongoji chao cha Westerville miaka mitano. Huko ndiko nilikoona kazi yake kwa macho yangu. Nimekaa na binti yangu Leya, nimevaa makoti mawili, mara namwona Jovini anaacha goli lao nyuma na kukimbilia mbele kama anayefukuza mwizi. Nikasimama nikapiga kelele, "Jovini! Umemwachia nani mlango? Rudi!" Kabla sijakaa, kile kisahani cheusi cha mpira kikawa wavuni kwa wenzao. Watu wakaruka. Leya akanivuta koti: "Mama, keti. Hilo ndilo wanalompendea." Tangu hapo sikumrudisha nyuma tena. Magoli mia moja kumi na mawili, na ni beki! Nionyesheni mama mwingine.

Na kudumu? Katika miaka kumi amekosa mechi mbili tu. Moja alivunjika kidole. Nyingine ilikuwa harusi ya Leya. Kocha alisema hajaona mchezaji anayekosa mechi kwa ajili ya dada. Nikasema mwambieni kwetu kaka hakosi, hata awe na homa. Kila mechi ikiisha alinipigia simu, na kabla sijauliza matokeo alisema, "Mama, nimemaliza nimesimama."

Misimu mitatu ya mwisho ilikuwa Buffalo. Alipanga ghorofa ya juu kwa familia ya Kirundi, mtaa wa Black Rock. Watoto wa Kikongo na wa Kirundi wakaanza kumngoja mlangoni na vipande vya mbao. Akawatafutia magongo ya kweli, akawaombea saa uwanjani. Siku ya mechi yake ya mwisho walikuja ishirini na wanne, wakakaa mstari mmoja wakiimba jina lake mpaka marefa wakageuka kutazama. Aliniambia, "Mama, hawa ninawaacha na kocha mzuri. Lakini nyumbani sijaanzisha kitu." Mtu wa miaka ishirini na tisa, na bado kwangu anapaita nyumbani.

Najua akina mama mnasema nini: meno. Sitaficha, Jovini amepoteza mawili, na moja ni la mbele. Lakini watoto wanavaa kofia yenye wavu usoni, na viatu uwanja unaazima. Mimi pia niliogopa, tena kuliko ninyi.

Tunawashukuru waliomwombea, hata wale waliomwombea kama mlinzi wa geti. Wewe mwanangu, magoti yako yapumzike, Mungu akupe mke mwenye sauti na nyumba karibu na yangu.

Chakula ninapika mimi, wali na maharage na ndizi, baada ya kuandikisha. Mzee Aloisi analeta wajukuu wake wawili, kwa hiyo nawadai wanne. Mlango wa uwanja unafunguliwa saa nne asubuhi. Wavisheni watoto soksi nene, mje wote Jumamosi, tarehe 6 Juni.