Msomaji wa Milango Saba

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili mbele ya kipaza sauti, msomaji mkuu wa Maktaba yetu ya Vitabu vya Kusikiliza anastaafu. Wasioona waliokua na sauti yake wanamwita Shangazi, na sisi wa kazini tukawaiga. Nimeombwa kuandika maneno haya kwa kuwa nilikuwa fundi mitambo wake tangu siku ya kwanza hadi mapafu yaliponirudisha nyumbani. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi kliniki, kwa hiyo sina tena sababu ya kuficha kitu.

Shangazi alianza na vitabu vya bustani za mboga na ufugaji wa kuku. Alivisoma kwa heshima zote. Msikilizaji mmoja alipiga simu kusema kwamba sura ya minyoo ya kuku ilimtoa machozi.

Kisha ikaja Milango Saba. Kwa wasioifahamu, ni hadithi ndefu ya juzuu saba, kila mlango na juzuu yake, ya nchi iliyofungwa kwa milango saba, na ya Wanyamavu, watu wa kale ambao hawasemi kabisa ila wanapofungua mlango. Lugha yao haina neno la kupigia soga wala la kuulizia bei. Kwao neno halielezi kitu, linakitenda: likitamkwa, ukuta unasikia. Na neno la mlango hutamkwa mara moja tu tangu dunia iwepo. Likirudiwa, mlango hujifunga milele.

Mwandishi aliyatunga maneno hayo bila kueleza yanavyotamkwa. Shangazi akaenda nayo nyumbani. Aliyajaribu vipande vipande akiosha vyombo, mpaka mumewe akamsihi asiyaseme karibu na mlango wa jikoni, maana bawaba zake zilikuwa mbovu tayari. Siku alipolitamka zima lile la mlango wa kwanza, lilitoka chini kabisa ya kifua, taratibu, kama jiwe kubwa linalosogezwa na mtu asiye na haraka. Vinyweleo vya mikono vikanisimama. Mimi, niliyesomea umeme!

Akaweka sharti: sura nyingine turudie hadi tuchoke, lakini neno la mlango halirekodiwi mara mbili.

Tukafika juzuu ya nne. Kebo moja ilikuwa imelegea, nikaingia chumba cha kurekodia kuishika kwa mkono ili kazi isisimame. Shangazi akatamka neno la mlango wa nne, na katika ukimya uliofuata, nikakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu.

Mkurugenzi wa wakati ule aliposikiliza mkanda, alikunja uso.

"Rudieni."

"Mlango umeshafunguka, bosi," Shangazi akamjibu.

"Mlango gani? Huu ni mkanda!"

"Basi uulize mkanda."

Mkurugenzi akanigeukia mimi, akaniamuru nikikate hicho kikohozi. Hapa ndipo ninapoungama. Nilimwambia hakikatiki, kimeshikana na neno. Kilikuwa kinakatika. Nilikaa na wembe mkononi mchana kutwa, nikasogeza mkanda mbele na nyuma, na mkono ukakataa. Niliuogopa mlango wa kitabuni, nikamwacha mama wa watu abebe lawama peke yake.

Uamuzi ukatolewa. Juzuu ya nne itoke kama ilivyo, kwa kuwa wasikilizaji walishaingoja sana. Akilalamika hata mmoja, zilizobaki zitasomwa na mtu mwingine, na mkataba wa Shangazi hautaongezwa. Hakubishana. Akaanza kubeba vitu vyake kidogo kidogo: leo kikombe, kesho shali, keshokutwa mto wa kiti.

Simu ya kwanza ilitoka kwa seremala mstaafu asiyeona. Mkurugenzi akafungua spika ili sote tusikie hukumu.

"Nina swali moja tu," alisema yule mzee. "Yule aliyekohoa upande wa pili wa mlango ni nani?"

Tukatazamana.

"Maana nimemwambia mke wangu afunge komeo," akaendelea. "Miaka yote hii nilidhani ng'ambo kule hakuna mtu."

Wiki nzima simu zililia, na zote zilikuwa za swali hilohilo. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Mkurugenzi, aliyejisifu kwamba hasomi hadithi, alinivuta pembeni kwenye korido akaninong'oneza, "Kwani ni nani?" Nikamwambia sijui. Na kusema kweli, kufikia hapo nilikuwa sijui.

Mwandishi naye alisikia. Katika mpango wake, nyuma ya mlango ule hapakuwa na chochote. Juzuu ya tano ilipokuja, alikuwepo Mzee wa Ng'ambo, mlinzi aliyesahauliwa zamuni, na bila yeye hadithi isingefika popote.

Shangazi akarudisha kikombe chake. Tangu hapo amesoma mamia ya vitabu na kuwalea wasomaji wote mnaowasikia leo. Wapo wasikilizaji waliojifunza Kinyamavu kwa sababu yake. Hawakisemi, wanaogopa. Wanaandikiana kwa nukta nundu.

Mwaka huu muswada wa juzuu ya saba umeletwa. Mahali pa neno la mlango wa mwisho mwandishi ameacha nafasi tupu, na chini yake ameandika kwamba msomaji ndiye anayelijua. Wiki iliyopita Shangazi aliingia chumbani, akalitamka mara moja, akatoka. Vijana wa mitambo wananiambia walibaki wameketi, taa ya kurekodi ikiendelea kuwaka, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Alipokuja kunijulia hali, nilimbembeleza.

"Niambie na mimi, walau kwa sauti ya chini."

"Mzee mzima unataka kutufungia mlango? Litatoka mwezi ujao. Utalisikia pamoja na wenzako."

"Na nikifa kabla?"

Akaniwekea mto sawa. "Basi usife."

Shangazi, ofisi nzima inakushukuru, na nyuma ya ofisi kuna watu wengi ambao hutawaona na ambao hawajawahi kukuona, lakini wanakufahamu kuliko majirani zako. Tunakutakia asubuhi zisizo na ratiba, koo lisilokauka, na vitabu vya kusoma kimoyomoyo kwa raha yako mwenyewe. Nami, mwenzako wa mitambo, najitahidi kutii amri.