Vikombe Vinne vya Mama

Ndugu, majirani, na nyote mliofanya kazi na mama yetu, nimepewa mimi kusoma maisha yake badala ya dada yangu mkubwa, kwa sababu baba mdogo alisema tarehe zote zimo kwenye daftari langu, basi mwenye daftari asome.

Mama alizaliwa tarehe 12 Aprili 1974, mtoto wa nne wa dereva wa trekta na mshona magodoro, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1988, na tarehe 1 Februari 1993 akaajiriwa kwenye mtambo wa maji, ambako kwa miaka ishirini na minane aliosha mchanga unaochuja maji ya mji mzima, hata wenzake wakamwita Mama Mchanga. Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na fundi bomba wa hapo hapo, baba yetu, aliyetutangulia mwaka 2013, wakajaliwa watoto wawili, Dada mwaka 1998, na mimi tarehe 3 Juni 2007.

Mei 2020 miguu ilianza kuvimba, Mama akasema ni viatu vya mpira vya kazini, akabadilisha jozi mbili kabla ya kukubali kwenda hospitali, na Novemba daktari akamwambia figo zote mbili zimechoka. Alimweleza kwamba damu ikifika kwenye figo hupita kwenye vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, chembe za damu na protini zinabaki, maji, chumvi, sukari na taka vinapenya, kiasi cha lita mia moja na themanini kwa siku, halafu figo inarudisha karibu vyote mwilini, na kinachotoka kuwa mkojo ni kama lita moja na nusu tu. Mama akamwambia, "Kumbe ni kama mimi nikisafisha kabati, natoa vyote nje, narudisha vyote, natupa kopo moja."

Akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, akaruhusiwa vikombe vinne vya maji kwa siku, na kwa kuwa Dada alikuwa kazini kwenye kiwanda cha kuchapa, tarehe 19 Aprili 2021 mimi niliacha shule, kidato cha pili, nikae naye. Nilitia alama kikombe cha bluu kwa msumari wa moto, nikaandika kila alichokunywa na kila alichotoa, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kummiminia.

Tarehe 9 Machi 2022 Dada alimtolea Mama figo yake moja, mimi sikupimwa hata damu, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minne. Watu wakaja kumpongeza Dada, mimi wakanipa miavuli niwashikie, na kila asubuhi Mama alishika tumbo chini upande wa kulia, ilikowekwa ile figo, akaisalimia, "Umeamkaje, mkubwa wangu?" nami nimesimama pale na kikombe mkononi.

Hili linalofuata halimo kwenye karatasi aliyoipitia baba mdogo. Daktari alisema figo mpya inataka maji mengi, lita tatu kwa siku, nami kwa siku mbili nilimpa Mama vikombe vinne vilevile, kwa wivu. Siku ya tatu akaniangalia, akasema, "We mtoto, mfanyakazi wa maji unamwekea mgao?" Nikalia, nikamwambia maji yakiwa mengi hutahitaji wa kukupimia. Akasema, "Lete jagi, na daftari ulete, maji mengi nayo yanapimwa." Hakumwambia mtu. Dada, leo unasikia. Nilimuuliza daktari, akasema siku zile mbili hazikudhuru kitu, mwili wenyewe ndio ulioikataa figo, Oktoba mwaka jana, na tukarudi kwenye vikombe vinne.

Tarehe 20 Januari 2025 Dada alimpelekea kikombe cha bluu, Mama akafumba midomo, akaniuliza mimi kwa sauti ndogo, nani kapima. Swali hilo nililingoja miaka mitatu. Maji yalikuwa yamepita alama kidogo. Nikamwambia kapima Dada, na kapima sawasawa, akanywa. Kesho yake, saa tano na dakika arobaini asubuhi, Mama akafariki, na mstari wa mwisho kwenye daftari unasema: kikombe kimoja, kapima Dada.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa chumba cha mashine, jirani wa mlango wa pili aliyetupikia siku za hospitali, wafanyakazi wote wa mtambo wa maji, na Dada, aliyempa Mama karibu miaka mitatu.

Mama, mgao umekwisha, pumzika kwa amani.