Mitraillette ya Papa wa Kanali

Benchi letu liko hapa Ubelgiji, Porte de Namur, pale Chaussée d'Ixelles inapoanza, mbele ya duka la mawigi linalouza pia kahawa. Jumamosi ya kwanza ya mwaka 2007, Séraphin alifika na picha kwenye bahasha. Tunamwita Kanali, ingawa ni mlinzi wa mlangoni tu kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman. Shangazi yake alikuwa amefariki Kolwezi, na katika vitu vyake ndugu waliikuta picha hii ya marehemu baba yake Kanali: kijana aliyevaa kaptula na buti, bunduki ya rashasha kifuani. Kanali alitaka ikuzwe, isimamishwe mbele ya altare siku ya misa ya kumkumbuka mzee. Wa kwanza kuichungulia akawa Anaclet, tunayemwita Ministre kwa sababu kila habari anayo kabla haijatokea.

— Kanali, papa yako alikuwa mupishi. Likasi muzima banajua. Hii ni kijiti photographe anakupatia juu ya kujipiga picha.

— Kijiti! Tosha mukono yako pale, usiiguse. Papa alikuwa soldat, un vrai, askari ya kweli.

Papa Raoul, Mbelgiji wa miaka themanini aliyefanya kazi migodini Katanga, na ambaye Kiswahili chake bado ni cha kuamrisha, akavaa miwani.

— Leta hapa. Sogea, unaziba mwangaza. Bon. Hii si kijiti. Hii ni mitraillette ya Rumania. Orița, mille neuf cent quarante et un, mwaka ya arobaini na moja. Iko mu kitabu yangu ya bunduki.

— Rumania hii iliyoingia Umoja wa Ulaya Jumatatu? nikauliza mimi, Abeid, Mtanzania pekee wa benchi hilo.

— Njo ileile. Ile vita, baliagiza bunduki inje, zikachelewa. Alors kapiteni moja akachora ya kwabo. Balienda nayo Russie, pamoja na Wajerumani.

— Na kisha?

— Kisha, quarante-quatre, arobaini na ine, Rumania ikageuka. Bunduki ileile ikaanza kupiga Wajerumani.

— Donc ilihama chama! Ministre akapiga paja. Hiyo ni bunduki ya politique. Inaweza kuwa député kwetu, mu bunge.

— Lakini ilifikaje Katanga? nikauliza.

Hapo ndipo kahawa ya pili ilipoagizwa.

— Papa aliinyanganya mercenaire, askari ya kukodiwa, akasema Kanali. Mikono butupu.

— Mupishi? Hapana. Ilipita bandari ya Matadi mu kasha ya maziwa ya boîte, ya mukebe, Ministre akasema. Ile kasha ikafika ku cuisine. Papa yako anafungua, anatafuta maziwa ya chai ya wazungu, anakuta mitraillette.

— Haiwezekani, papa Raoul akasema. Mfalme wa Rumania alikuwa na madeni ya shaba. Alilipa na bunduki.

— Vagon tatu, Ministre akamwongezea. Moja ikapotea Lubudi. Ile ingine...

Tukabishana hivyo hadi Claudine, dada mdogo wa Kanali, aliposhuka kwenye basi kutoka Evere. Yeye ndiye angeipeleka picha dukani ikakuzwe, na alikuwa hajaiona. Akaipokea kwa mikono miwili. Kwanza akatabasamu, kwa kuwa mzee alikuwa mzuri mno. Kisha tabasamu likamwisha.

— Yaya, hii miguu ni ya nani? akamuuliza kaka yake.

— Miguu gani?

Akaonyesha kwa kidole. Nyuma ya buti za mzee, kwenye matope na maji, palikuwa na miguu miwili mitupu, vidole vikitazama juu. Sote tulikuwa tumeishika picha hiyo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeiona miguu hiyo.

— Ni muntu anapumuzika, akasema papa Raoul. Kule joto ni mingi.

— Mu matope, papa Raoul? Claudine akasema. Angalia mayi yote hii.

— Labda... Ministre akaanza, asimalize. Nilikuwa sijawahi kumwona akikosa habari.

Kanali aliichukua picha, akaisogeza machoni, akaiinamisha huku na huku. Claudine akaketi kati yetu, mkoba magotini, akamtazama kaka yake.

— Yaya, niko nakuuliza. Ni nani?

Kanali akairudisha picha kwenye bahasha. Kahawa ikapoa mikononi mwetu.

Misa ilisomwa wiki mbili baadaye. Nilikwenda. Mbele ya altare kulikuwa na maua tu.