Mama Pedali na Neno Alilolikataa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu mjomba aliyeiandika amesahau miwani, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba kuna neno nilimwahidi dada halitasomwa juu yake leo, mtalijua tukifika.

Dada yetu, ambaye wengi mnamjua kama Mama Pedali, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, katika chumba cha uani cha nyumba ile ile tuliyotoka naye asubuhi hii, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na mama alisema alitanguliza miguu, jambo ambalo mkunga alilipinga mpaka anaingia kaburini, lakini kwa kazi iliyokuja kufanywa na miguu hiyo, mimi nipo upande wa mama.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975 akiwa wa pili, aliyekuwa wa kwanza amekaa pale safu ya tatu na hajawahi kutuacha tusahau, mimi nilimfuata shule hiyo hiyo nikaishia la tano, si kwamba akili haikuwepo, walimu ndio waliochoka mapema.

Tarehe 2 Mei 1980 aliajiriwa karakana ya sare za shule, akakalia cherehani namba kumi na saba, ile ya kukanyaga, kando ya dirisha lenye kioo kilichopasuka, akashona kola kwa miaka ishirini na nane, na nyinyi wengi mmesoma mkiwa mmevaa kola zake bila kujua. Tarehe 10 Desemba 1983 aliolewa na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ni muuguzi, na wavulana wawili.

Tarehe 18 Juni 2008 alikutwa na saratani ya titi, tarehe 3 Julai akafanyiwa upasuaji wa kuliondoa, ikafuata miezi minane ya dripu, na kliniki yenyewe ilikuwa korido ndefu yenye benchi moja la watu wanne, wagonjwa zaidi ya thelathini, wengine wamekaa sakafuni na makopo yao ya kutapikia. Akapona. Daktari akamwambia nenda nyumbani mama ukapumzike, mwajiri akamwandikia barua ya kumpumzisha kazi, shemeji akamnyang'anya ufagio akisema pumzika, na mimi, nakiri mbele yenu, nikampelekea godoro jipya. Alilitazama kama limemtukana, akasema titi limepumzishwa, kazi nimepumzishwa, mkiendelea hivi, mdogo wangu, mtanipumzisha mzima mzima, rudisha hilo godoro uniletee baiskeli.

Niliiunda mimi kwa mikono hii, kutoka fremu mbili mbovu, imeegemea ukuta pale nje, anayebisha akakague viungo. Kuendesha pia nilimfundisha mimi, ingawa shemeji atawaambia kazi yangu ilikuwa kukimbia nyuma nikipiga kelele, na kwamba siku ya tatu dada aliingia kwenye kamba ya nguo za jirani, akatokea upande wa pili amevaa shuka.

Mwaka 2011 alimwendea muuza samani wa barabara kuu, akamwambia ataendesha kilomita sabini na nne hadi mji wa pili, na akifika anataka viti ishirini vya ile korido, muuza samani akacheka mpaka akashika kaunta, akasema mama yangu, umri huo na ugonjwa huo, nenda kapumzike. Hapo ndipo alipokosea. Tarehe 6 Agosti dada aliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi nikimsindikiza kwa pikipiki, nikaishiwa mafuta kilomita ya hamsini, msinicheke, nikafika juu ya lori la matofali na kumkuta ameshamaliza chai, anaulizia viti.

Viti vilitoka, na kila Agosti vikatoka vingine, mpaka korido ikajaa na vilivyozidi vikaenda wodini, kwa safari kumi na mbili, na muuza samani yupo hapa, kaka, kaa tu, yaliisha. Ila dada mwenyewe hakukikalia hata kimoja, siku zake za kupimwa alisimama, akisema vile ni vya wanaoumwa.

Tarehe 2 Machi 2023 alilazwa kwa nimonia, wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, na kwa kuwa tangu juzi nasikia minong'ono kwamba ule ugonjwa ulirudi, nasema mara moja na kwa sauti, walimpima kutoka unyayoni hadi utosini na saratani haikuonekana popote, ameondoka akiwa ameishinda kwa miaka kumi na minne, anayebisha anisubiri tukimaliza. Siku ya nane alinishika mkono, akasema najua mtanisomea ile historia yenu, mdogo wangu, usikubali mtu anipumzishe. Nikaahidi. Alifariki tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, waliomhangaikia mpaka mwisho, tunawashukuru majirani, na wewe wa kamba ya nguo, shuka lako tunalo, tunawashukuru wenzake wa karakana waliomshonea gauni alilovaa leo, kola mmeiweka sawa, nimekagua kwa niaba yake.

Kwenye karatasi umebaki mstari mmoja, maneno matatu mnayoyajua, mjomba ameyaandika kwa herufi kubwa, naye anisamehe, la kwanza nimelikata kwa kalamu kabla sijasimama hapa.

Dada, kanyaga kwa amani.