Udongo Uliolishwa Chokaa

Gudu-gudu! Basi liliruka, kisha likatulia ghafla. Muuza mayai aliyekumbatia trei lake akauliza, "Tumesimama?"

"Tunakwenda, mama," akacheka fundi wa barabara, jirani yake kitini. "Hapa udongo tumeulisha chokaa. Zamani ukinywa mvua unavimba, jua likiwaka unapasuka. Msimamizi alitaka tuushindilie siku ileile. Nikagoma, tukauacha siku mbili chokaa ikolee."

"Kumbe ubishi nao una kazi yake!" Mama akamtazama kama anayemtafutia mchumba. Kisha akaguna. "Lakini huko nilikopandia, kwetu, bado tunarushwa. Binti yangu ana mimba ya miezi saba, na zahanati iko huku."

Basi likasimama, mama akainuka ashuke. Fundi akampokelea trei, akasema abiria wote wakisikia, "Mama, kabla hajajifungua, kwenu kutakuwa kama hapa. Naahidi."