Wingu la Ng'ambo na Kitoweo Nilichokikataza

Amahoro, ndugu zangu. Kabla hamjanipigia makofi, sikieni walichosema niliporudi Rumonge kutoka Kigoma, siku zile za Uhuru: "Huyu hataweza kuajiri hata mbuzi." Mzee mmoja mwenye nyavu akaongeza, "Karatasi haivui samaki." Kunisema mimi, niliyejisomesha kwa kubeba mizigo bandarini hadi nikapata diploma ya usimamizi wa kazi! Niliwacheka. Nyie vijana mnaosomea mambo ya wafanyakazi, kicheko cha namna ile kiogopeni.

Hata hivyo, mzee yule alinikopesha nyavu. Mwingine akanipa mtumbwi, wa tatu taa za karabai. Msimu ukiisha nirudishe vyote pamoja na malipo yao. Nikishindwa, wachukue kiwanja alichoniachia mama.

Wavuvi wangu walivua vizuri. Kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikaajiri wanawake wa pwani, nikawapanga kama nilivyofundishwa: huyu wa kuanika, yule wa kugeuza, yule wa kupima. "Usiguse kazi ya mwenzako," nikamwambia kila mmoja. Kisha nikakataza kitoweo. Mnakijua: jioni mwanikaji huchota konzi ya ndagala ya watoto wake, haombi wala haulizwi. Mimi nikakiita wizi.

Wakainamia kazi. Nami, msomi, nikadhani ni utii.

Msimu ukielekea ukingoni, mavuno makubwa kuliko yote yalikuwa yametandazwa mchangani. Malipo ya wakopeshaji wangu wote yalikuwa pale. Adhuhuri, wingu jeusi likainuka juu ya milima ya Congo, likaanza kuvuka ziwa.

"Anueni!" nikapiga kelele.

Hakuna aliyeinuka. Mkuu wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, aliendelea kumenya muhogo.

"Mama, mvua iko inakuja!"

"Naiona, patroni. Lakini mimi niko wa kuanika. Kuanua hukuniambia."

"Na wa kugeuza wako wapi?"

"Tuko hapa, Bwana Diploma. Tuwageuze walowe pande zote mbili?"

Wakaangua kicheko. Ndugu zangu, nilipiga magoti na suruali yangu ya ofisini, nikazoa kwa mikono. Nilichozoa kilijaza kikapu kimoja, na ufuo ulikuwa mweupe kwa ndagala hadi kule kwenye michikichi. Upepo ukageuka. Tone la kwanza likaniangukia shingoni, baridi.

"Kitoweo kirudi!" nikasema.

"Leo, ama siku zote?"

"Siku zote!"

"Na kazi ya mwenzangu nisiiguse?"

"Kila mkono uguse kila kitu, mama yangu, nakuomba!"

Akamaliza kumenya muhogo wake. Alifanya kusudi, nionje uchungu wa kungoja. Halafu akasimama, akafungua kitenge chake kiunoni. "Mabibi, haya!"

Sijaona watu wakifanya kazi vile tena. Wapimaji walizoa, wageuzaji walibeba, vitenge vikawa magunia. Mvua ilipotua ilikuta mchanga, na ndagala wachache wa kunguru.

Wale mama, wengine wao mauaji ya mwaka wa sabini na mbili yaliwachukua, na sina kaburi la kuwaonyesha. Murakoze cane, asanteni sana, mama zangu, popote mlipo. Diploma yangu bado iko ukutani na naringa nayo, msinikataze. Lakini haki ya mfanyakazi usiyoikuta katika masomo yako, usiikate kabla ya kumuuliza ilianzaje.

Msimu ulipoisha niliwaita wakopeshaji wote ufuoni. Mtumbwi ukarudi, taa zikarudi zimesafishwa, nyavu zimeshonwa, na kila mmoja akapokea malipo yake mbele ya wale mama. Mzee wa nyavu akanitazama sana.

"Kumbe karatasi yako imevua."

"Haikuvua, mzee wangu," nikamjibu. "Waulize hawa."

Yule mama mkuu akainama, akachota konzi ya ndagala, akaimimina mikononi mwa mzee. Kisha akachota nyingine, akanipa mimi.