Mwalimu Zerida Kukunda na Uzito wa Wingu la Nyakiyumbu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Zerida Kukunda atakabidhi ufunguo wa maabara ya fizikia na kuiaga shule yetu hapa Bwera, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi tisa kazini. Mkuu wa shule ameniomba niandike wasifu mfupi wa furaha, usiozidi ukurasa mmoja. Ufupi nitajaribu. Furaha ipo, ila nina hasira pia, na sioni sababu ya kuimeza.

Alifika Februari 1992 akitokea kwao Karusandara, na sanduku la bati na mizani moja ya kuning'iniza. Tulichokiita maabara kilikuwa stoo ya majembe. Aliyatoa majembe siku ya pili bila kumwuliza mtu, na bwana stoo akanuna muhula mzima. Waliopita mikononi mwake leo wako kiwanda cha saruji, wako hospitalini, wako kwenye mitambo ya umeme, na wawili ni walimu wenzetu.

Mimi, Onen, nafundisha kemia, na tumekaa meza jirani kwa miaka kumi na tisa. Siku moja alichukua birika langu la umeme, akalipeleka darasani, akalirudisha baada ya wiki mbili likiwa limebandikwa karatasi: wati elfu mbili. Wiki mbili nilikunywa chai ya baridi. Hata pole hakunipa. Alisema sasa angalau najua ninachomiliki.

Somo lililompa sifa lilikuwa la mashujaa wa kubuni. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi walete shujaa yeyote, wa hadithi za bibi, wa video au wa kichwani mwao, wampime kwa fizikia. Mwaka 2022, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa muda mrefu, Marlène, binti wa wakimbizi kutoka Beni, Kongo, aliyekuwa darasa la mtihani, alileta wake amemchora kwenye daftari. Alimwita Bi Kiganja, mwanamke anayeondoa wingu mlimani kwa kulisukuma na mkono mmoja. Akauliza, "Madame, Bi Kiganja iko na nguvu ngapi, ya kweli?"

Mwalimu mwingine angecheka. Kukunda alishika chaki. Wakachukua wingu la kilomita moja kila upande. Maji yake, kwa nusu gramu katika kila mita ya ujazo, yakawa tani mia tano. Bi Kiganja akapewa sekunde kumi kulifikisha kwenye mwendo wa mita kumi kwa sekunde. Darasa likapata megawati mbili na nusu, yaani mabirika kama langu elfu moja mia mbili na hamsini yakichemka pamoja. Wakapiga makofi. Kukunda akawaambia wamesahau hewa. Ukisukuma wingu unasukuma na hewa iliyobeba yale maji, karibu kilo moja kwa kila mita ya ujazo, na hiyo ni tani milioni moja. Jibu likapanda hadi gigawati tano, zaidi ya mabwawa yote ya umeme ya Uganda yakiwashwa kwa pamoja. Na hilo lilikuwa kadirio la chini, maana upinzani wa hewa ya nje haukuhesabiwa. Halafu, ili watoto waonje sekunde kumi za kusukuma, akawapanga wote ukutani, wausukume kwa viganja huku wakihesabu kwa sauti.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mvua iligoma msimu ule na pamba ya mashamba ya Nyakiyumbu, jirani na hapa, ikakauka. Sisi watu wa huku tunajijua: siku ya harusi tunamwita mzuia mvua, tunampa jogoo, na ikinyesha tunasema jogoo alikuwa mdogo. Kwa hiyo mvua ikikosekana, lazima yupo aliyeifukuza. Mzee Ezironi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi na mwenye shamba huko huko Nyakiyumbu, alisikia kwamba kuna mwalimu anafundisha watoto kusukuma mawingu. Kamati ikakaa. Mmoja akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na hilo likahesabiwa kuwa ushahidi. Shahidi naye akapatikana, mwalimu wa hapa hapa, aliyeandika kwamba alipita dirishani akaona watoto wameweka mikono ukutani wakiimba namba, na kwa maoni yake ile haikuwa fizikia.

Jamani! Hesabu ile ile ndiyo iliyoonyesha kwamba hakuna binadamu, awe mwalimu au mganga, anayeweza kulihamisha wingu la Nyakiyumbu hata akila ugali wa kijiji kizima. Utetezi wa Kukunda ulikuwa ubaoni kwa chaki nyeupe, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuusoma. Yeye aliiambia kamati sentensi moja tu: "Kama naweza kusukuma wingu, mbona nakuja shuleni kwa boda?" Hakuna aliyecheka. Akapewa barua ya onyo, akaondolewa darasa la mtihani, akawekwa kusimamia ukataji wa nyasi. Miaka mitatu! Mwalimu wa fizikia anahesabu mafyekeo!

Darasa lile lilikaa mihula miwili bila mwalimu wa fizikia. Marlène, aliyetaka uhandisi, aliifeli. Leo anauza vitenge soko la Mpondwe. Kuuza vitenge si aibu, lakini yeye hakukuchagua, tulimchagulia sisi.

Mwaka huu Kukunda alirudishiwa darasa kimyakimya, bila neno la kuomba radhi. Barua ya onyo bado imo kwenye faili lake, na isipofutwa kabla ya Ijumaa atatoka nayo, na kila atakayefungua faili hilo atasoma kwamba alifundisha ushirikina. Nilipouliza ofisini niliambiwa hayo yamepita, tusiharibu sherehe. Alaa! Sherehe gani ya kumlisha mtu keki huku jina lake limepakwa matope?

Kikulacho ki nguoni mwako. Shahidi wa dirishani ni mimi. Niliogopa kwamba nikinyamaza nitawekwa kundi moja naye, maana sisi wa kemia tuna chupa zinazotoa moshi. Kukunda alijua mwandiko wangu, na kwa miaka yote hii hajanitajia. Jumatatu nilipeleka ofisini barua ya kuufuta ushahidi wangu. Sikujibiwa. Basi ninaufuta hapa, kwa jina langu, na ukurasa huu nimeupeleka kwa mpiga chapa mimi mwenyewe.

Mwalimu Kukunda, tunakushukuru kwa kazi ya miaka yote hii. Nenda Karusandara kwa amani, upate afya na siku nyingi njema. Siku ile mlango wa darasa lako ulikuwa wazi, na mimi nilisimama dirishani. Ukitaka kunisamehe, asante. Usipotaka, ni haki yako.